Mbega wa Makaburini

Asubuhi ile mbega alinguruma tena kule makaburini, na kijiwe kizima cha kahawa cha Joha, hapa Ruaha, kikageuza shingo. Miti ya pale imepona kwa sababu hakuna mwenye moyo wa kupiga shoka juu ya wazazi wake. Basi umebaki msitu wa ukubwa wa uwanja wa mpira, umezungukwa na miwa. Upande mmoja tu kuna vichaka vya mzee Ditram, vinaelekea mlimani Vidunda. Leo trekta lilikuwa linakuja kuvilima, naye apande miwa kama wenzake. Ditram alishika kikombe bila kunywa. Mkewe, Costancia, amelala chini ya mti uleule wa mbega.

— Yule ndiye wa mwisho, alisema Joha akimimina. Walianza kupotea wale ndege hondohondo, wakafuata kima. Mlimani wote wapo.

— Wamehamia Mikumi kwa watalii, alidakia Goodhope, ambaye kijiweni huitwa Waziri. Wanapigwa picha huko!

— Toka hapa! alisema Emanueli wa bodaboda. Wamekula miwa wakapata kisukari.

Wakacheka. Ditram hakucheka.

— Pale ni kisiwani, alisema. Padogo. Wakizaana, majani hayatoshi. Akifa mmoja, hakuna wa kuja kujaza nafasi.

— Kisiwa bila maji, mzee? aliuliza Emanueli.

— Maji ni hiyo miwa. Mbega ni wa juu kwa juu, mti hadi mti; atapita wapi?

— Tumjengee flaiova! alisema Waziri.

Hapo akafika Sintamei, mke wa mfugaji mgeni, na dumu lake la maziwa.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

Mbega akanguruma. Sintamei akasikiliza, akatazama mlimani.

— Huyo anamwita nani?

Ditram akaweka kikombe chini. Tangu amzike mkewe, kila alfajiri huamka akiita Costancia kabla hajakumbuka. Loo, upweke ni kitu kibaya!

Trekta likatokea, Meshaki akiliendesha. Ditram akasimama barabarani, mkono juu.

— Meshaki, zima. Silimi tena. Acha vichaka viwe miti mpaka mlimani, mbega apate njia.

— Miaka hiyo yote, mzee? Huyo mbega si atakuwa ameshakufa?

Ditram alifuta macho kwa kiganja, wala hakujificha.

— Watakuja wengine. Costancia hakupenda nyumba iliyo kimya.