Gitaa Lililosikika Edani

"Anapigiwa gitaa na nani, na mumewe tumeshamzika?"

Wasikilizaji wapendwa, swali hilo aliniuliza jirani yangu Mama Tsuma, hapa Msambweni, miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Tulikuwa tunaanua nguo baada ya alasiri. Ua wetu ulipakana na ua wa Bi Mejumaa Garama, mwimbaji wa muziki wa soul. Mumewe, Luqman, alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla. Bi Mejumaa alikuwa edani. Na ndani ya nyumba ile gitaa lilikuwa linalia, naye anaimba.

Kwa ndugu zetu wa bara mnaotusikiliza kule Ukunda: eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Hatoki ovyo, hajipambi, hakai faragha na mwanamume wa kando. Mimi mwenyewe ni mjane. Nimeikaa.

Bi Mejumaa alituacha Jumamosi iliyopita. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Leo namkumbuka yeye, na sitamkumbuka nusu nusu.

Alianza kazi ya udobi katika hoteli moja kule Galu. Alipiga pasi mashuka, akaimba. Luqman alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya hoteli hiyo hiyo. Siku moja mwimbaji wao alipotewa na sauti, Luqman akaenda chumba cha madobi, akamkuta amesimama na pasi mkononi. Akamwambia, "Dada, weka pasi chini. Unayoimbia mashuka, kawaimbie watu."

Bi Mejumaa akamjibu, "Mashuka hayapigi miluzi."

Lakini alikwenda. Aliimba na gauni la kazi, macho kayafumba. Baadaye wakaoana. Alirekodi kaseti tatu. Kaseti tatu tu, wasikilizaji, lakini kutoka Diani hadi Funzi hakukuwa na harusi bila ile ya kwanza. Soul yake ilikuwa ya polepole, Kiswahili chenye Kidigo ndani, sauti inaanzia chini kama mtu anayenong'ona, halafu inapanda mpaka unaweka kikombe chini. Mwezi wa Ramadhani hakuimba hotelini hata usiku mmoja. Mameneja walibadilika, hilo halikubadilika. Na gauni la jukwaani hakumpa mtu kulipiga pasi. Alisema madobi anawajua.

Kaseti ya tatu, *Shuka Jeupe*, ndiyo iliyomtia mashakani.

Nirudi uani. Mama Tsuma aliponiuliza, nikaacha kuanua nguo. Nilianza kutega sikio. Siku ya kwanza gitaa. Siku ya pili gitaa. Siku ya tatu, lile lile, saa ile ile. Siku ya nne nikachungulia kwenye ufa wa ukuta. Barazani kwa Bi Mejumaa palikuwa na viatu. Viatu vyeusi vya kiume, vya kamba. Mlango umefungwa.

Nikajiambia, basi.

Ndani alikuwemo na mama mkwe wake, Bi Mwanashutu, mzazi wa Luqman. Lakini Bi Mwanashutu macho yalikuwa hayaoni tena. Nikasema, kipofu atazuia nini? Nikavaa buibui, nikaenda kwa Bi Nimwaka, dada yake Luqman. Nikamwambia kuna mwanamume.

Jioni ile ile Bi Nimwaka alikuja kumchukua mama yake. Bi Mejumaa alisimama mlangoni, akasema, "Wifi, muulize mama mwenyewe." Hakuulizwa. Bi Mwanashutu aliishi miaka miwili zaidi, na katika miaka hiyo hakukutanishwa tena na mkwewe. Kina mama wa maulidi wakaacha kumwalika Bi Mejumaa. Kaseti hiyo ya tatu ilipotoka, watu waliinunua, kisha wakasema ni kaseti ya haramu. Hakurekodi tena.

Sasa sikilizeni. Jumatatu wiki hii nilipigiwa simu kutoka Kisumu. Anaitwa Cornelius. Zamani alikuwa na studio ya kurekodi pale Ukunda. Alikuwa amesikia tanzia.

"Mama," aliniambia, "hivyo viatu vilikuwa vyangu. Lakini hiyo nyumba sikuingia, aki ya Mungu. Nilivua nikakaa hapo baraza, ile kona ya mwisho, na mashine yangu."

Nikamuuliza, "Na gitaa?"

"Gitaa ni ya Luqman. Alirekodi kwangu wiki mbili kabla ya kufa. Sauti ya Bi Mejumaa ndiyo ilikuwa imebaki. Na mimi nilikuwa nafunga studio, narudi nyumbani. Nilimpelekea kaseti ya hiyo gitaa afanye mazoezi siku tatu. Ya nne nikakuja kurekodi. Waya ya maikrofoni na ya hedfoni ilipita chini ya mlango. Huyo nyanya kipofu ndiye alishika maikrofoni."

Wasikilizaji wapendwa, nawaambia tena ili mwelewe. Mpiga gitaa niliyemsikia alikuwa Luqman. Marehemu Luqman, kwenye kaseti. Mkewe alikuwa anaimba na mumewe.

Mimi sikumwamini Cornelius. Kwa nini anyamaze miaka yote hii? Akasema hakujua kuna maneno, aliondoka wiki ile ile. Akanitumia kwa simu rekodi yenyewe, na mwanzo wake ambao hakuutia kwenye kaseti ya kuuza. Nikashuku hata hiyo. Siku hizi simu inaweza kumtengenezea mtu sauti. Kwa hiyo nimemwomba Bi Nimwaka aje hapa studioni. Amekaa mbele yangu. Hajaisikia bado. Nimemwita kwa neno moja tu: atuambie kama sauti hii anaijua.

Isikilizeni.

*"Nisogezee na mimi sikio moja la hedfoni, mwanangu… Ngoja nimalize tasbihi… Haya."*

*"Moja, mbili. Haya, Mejumaa, taratibu."*

*"Ee. Luqman huyo. Msikie mwanangu."*

Nimeisimamisha hapo. Bi Nimwaka?

"Irudie."

Nimeirudia, wasikilizaji, mmeisikia mara ya pili. Bi Nimwaka?

"Ni mama. Na anayehesabu ni Luqman." Kisha, "Aliniambia. Alisema, nimemsikia Luqman kwa Mejumaa. Nikasema mama akili imechoka."

Bi Nimwaka, mimi ndiye niliyekuja kwako.

"Ulikuja. Lakini hukuniambia umeona viatu. Uliniambia umeona mwanamume."

Ndiyo. Nilisema hivyo. Wasikilizaji, nilisema hivyo, na sikuwa nimeona mtu. Sisemi kuimba edani ni sawa. Hilo amekwenda nalo kwa Mola wake, na Mola wake ndiye anayejua alikuwa anaaga nini. Langu mimi ni lile la kusema mwanamume. Niliishi naye ukuta kwa ukuta miaka yote hiyo. Kila asubuhi alinipa salamu, nikaitikia nusu. Ningeweza kumuuliza kwa sauti ya kawaida tu, bila kupiga kelele. Sikumuuliza. Jumamosi, alipokuwa anatolewa, nilisimama na wanawake wengine kama mtu asiye na lake.

Natoa pole kwa watoto wake, kwa ndugu zake, na kwa wanamuziki waliofanya naye kazi kule Galu na Diani. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Mejumaa, amrehemu Luqman, amrehemu Bi Mwanashutu. Nanyi mnaonisikiliza, kama kuna nyumba mnayoitegea sikio leo, nendeni mkabishe hodi. Ulizeni. Mkishindwa kuuliza, basi nyamazeni.

Matanga yanaendelea nyumbani kwake. Dua ni Jumapili baada ya adhuhuri, na wanawe wamekaa huko wenyewe, upande wa baba hajafika mtu. Bi Nimwaka, wewe ndiye uliyebaki upande huo. Nakuuliza mbele ya watu wote: utakwenda?

Wasikilizaji, mlichosikia ni kiti.

Amevua hedfoni, ameziweka mezani taratibu. Amejitanda mtandio. Ananiangalia.

Bi Nimwaka?

Amefungua mlango. Ametoka.