Zamu ya Kiti cha Saba

Mkewe: Haloo? Ni nani?

Mchungaji: Mimi.

Mkewe: Mimi nani? Namba hii siijui.

Mchungaji: Mimi, mumeo. Punguza sauti.

Mkewe: Umepiga wewe, nipunguze sauti mimi? Hata salamu hakuna. Hujambo?

Mchungaji: Sijambo. Mjukuu?

Mkewe: Hajambo. Anakula na kulala kama babu yake. Kitovu bado hakijadondoka. Mbona unanong'ona? Simu yako iko wapi?

Mchungaji: Inachajiwa, mezani kwa Katibu. Hii ni ya fundi seremala anayetengeneza viti. Nimemwomba dakika mbili. Yuko nje ya mlango, si unamsikia anavyogonga?

Mkewe: Mlango upi?

Mchungaji: Wa stoo.

Mkewe: Stoo unafanya nini? Leo si ndiyo mnaanza mafunzo? Wachungaji wenzako wako darasani, mwenyekiti wa kamati amejificha na makopo ya rangi?

Mchungaji: Wanasoma, mama.

Mkewe: Si ndicho ulichokitaka? Mwaka mzima umetusumbua, "wachungaji wa huku wafunzwe hukuhuku, vijana wanahubiri upepo mtupu." Sasa wanafunzwa.

Mchungaji: Wanasoma kwa zamu. Kwa sauti. Kila mtu aya moja, kiti kwa kiti. Mimi niko kiti cha saba.

Mkewe: Mungu wangu.

Mchungaji: Nimetoka wakiwa kiti cha tatu.

Mkewe: Lakini ulisema utafungua kwa sala, unywe chai, urudi nyumbani!

Mchungaji: Ndivyo nilivyojua! Nimefungua. Sala imeingia, watu wametoa machozi. Nikachukua kofia yangu. Katibu akasema, "Mwenyekiti, wapi tena? Makao makuu wameagiza wachungaji wote, mzee kwa kijana." Akanivutia kiti. Mama, ni viti vya chekechea. Magoti yangu yamefika masikioni.

Mkewe: (anacheka) Samahani.

Mchungaji: Cheka tu. Na ukutani wamebandika herufi zote, na picha chini yake. Ng'ombe, nyumba, kikombe. Zinanitazama. Mimi pale namjua ng'ombe tu.

Mkewe: Kwani wanasoma nini? Kama ni Biblia, wewe—

Mchungaji: Ingekuwa Biblia ningekupigia? Wangenipa Warumi ningekishika kitabu juu chini na bado nisikose neno. Ni kitabu kipya. Bado kinanuka wino. Hujawahi kunisomea.

Mkewe: Si useme miwani—

Mchungaji: Nimesema! Nimesema imevunjika.

Mkewe: Basi?

Mchungaji: Katibu ameleta katoni nzima ya miwani. Ya msaada. Amenivalisha kwa mkono wake, jozi nne, moja baada ya nyingine. "Hii unaonaje, Mwenyekiti? Na hii?" Wenzangu wanapiga makofi. Mama, naona vizuri mno. Naona mpaka nukta. Sijui tu inasema nini.

Mkewe: Miaka kumi na tisa ile miwani inavunjika. Lazima siku moja ingepatikana mizima. (kelele kwenye laini) Haloo? Unakatika.

Mchungaji: Nipo. Nimesogea dirishani.

Mkewe: Na fomu asubuhi mlijaza?

Mchungaji: Nilisema mkono unauma. Mwenzangu wa kiti cha nane akanijazia.

Mkewe: Penye elimu aliandika nini?

Mchungaji: Nitajuaje alichoandika?

Mkewe: Ee Bwana wee.

Mchungaji: Sikiliza. Namba ya Katibu unayo. Mpigie sasa hivi, mwambie kuna msiba. Shangazi.

Mkewe: Shangazi yupi? Yule tuliyemuua ulipotakiwa kusoma risala shuleni, au yule tuliyemuua siku ya kuhesabu watu?

Mchungaji: Si ni yuleyule.

Mkewe: Ndiyo, ni yuleyule, amekufa mara mbili, na jana kanipigia kuulizia mtoto! Akifa mara ya tatu watakuja na rambirambi mpaka mlangoni kwake.

Mchungaji: Mama, si wakati wa utani.

Mkewe: Si utani. Nimechoka kuzika mtu mzima.

Mchungaji: Nimetazama hili dirisha.

Mkewe: Umelitazama kufanyaje?

Mchungaji: Nimelitazama tu.

Mkewe: Na hilo tumbo?

Mchungaji: Lina nondo. Dirisha, si tumbo. Rudi leo.

Mkewe: Nikipanda basi sasa hivi nitafika jua limezama. Zamu itanisubiri?

Mchungaji: Kwa ajili ya kesho, basi. Maana kesho wanaendelea. Wiki tatu hizi za mwanzo ni kila siku.

Mkewe: Nina siku nne tu hapa. Nne.

Mchungaji: Najua.

Mkewe: Hujui. Mama yangu mzazi nilimzika Jumamosi asubuhi, jioni nikapanda gari. Matanga sikukaa. Dada zangu mpaka leo wananiona mimi sina uchungu. Nilirudi kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumapili na wewe ungesimama madhabahuni na kitabu kimefungwa.

Mchungaji: Nilikushukuru.

Mkewe: Ulinishukuru, ndiyo. Halafu ukasema, "Soma, Mama!"

(Nyundo inasikika)

Mchungaji: Watu wanaipenda ile. Unasoma mstari, nafafanua, unasoma mwingine. Vijana wote wameiga.

Mkewe: Ndiyo kichekesho chenyewe! Kila mchungaji sasa anamsimamisha mkewe pembeni, wanadhani huo ndio upako. Hakuna anayejua kwamba wanaiga ulemavu wa mtu. Mimi nimesimama pale na homa. Nimesimama na mimba ya miezi minane, miguu imevimba. Siku ile sauti ilipokauka, unakumbuka ulivyonitazama? Hukuuliza naumwa nini. Ulinitazama kama mtu aliyekatiwa umeme.

Mchungaji: Niliogopa.

Mkewe: Najua uliogopa. Na mimi niliogopa. Tumeogopa mpaka watoto wamezaa.

Mchungaji: Mbona hukusema?

Mkewe: Nilijaribu kukufundisha mara tatu!

Mchungaji: Ulikuwa mkali.

Mkewe: Mimi? Nani alirusha daftari juu ya paa? Mvua ilinyesha likiwa kulekule.

Mchungaji: Nilikuwa naona haya, mke wangu. Asubuhi nimekuambia nitii, mimi ni kichwa cha nyumba. Mchana nikae mbele yako nishindwe na neno "bata".

Mkewe: Sasa hapo umesema kweli.

Mchungaji: Niambie nifanyeje. Fundi anachungulia.

Mkewe: Waambie.

Mchungaji: Niwaambie nini?

Mkewe: Hilo. Kwamba hujui kusoma. Maneno mawili.

Mchungaji: Wataniondoa.

Mkewe: Huenda.

Mchungaji: "Huenda"! Nyumba ni ya kanisa, mama. Godoro tunalolalia ni la kanisa. Na hata wakiniacha, nani atanisikiliza? Watu niliowafungisha ndoa, niliowazikia watoto wao, watasema miaka yote hii tulikuwa tunaongozwa na kipofu. Mimi hakuna kazi nyingine ninayoijua. Kuhubiri ndiyo mimi.

Mkewe: Neno ulilowapa lilikuwa la kweli. Nilikuwa nakusomea mara mbili tu, mara ya tatu unanisahihisha wewe. Hilo hakuna wa kukunyang'anya.

Mchungaji: Wataninyang'anya mengine yote.

(mlango unagongwa)

Mchungaji: Naam! Naam, Katibu! Nakuja! Natafuta chaki!

Mkewe: Chaki tena?

Mchungaji: Wamefika kiti cha sita. Amesema wananisubiri. Mama, naingiaje?

Mkewe: Usikate simu. Iweke mfuko wa shati, uingie nayo. Nitakuwa nasikia. Hutakuwa peke yako.

Mchungaji: Utaniombea?

Mkewe: Nenda, baba. Useme.

(mlango. Hatua. Sauti nyingi kwa mbali)

Mchungaji (kwa mbali): Asanteni, asanteni. Kaeni, msisimame. Ukurasa upi? ...Hapa. Naam, napaona.

(Mtu anakohoa)

Mkewe: (polepole) Sema. Maneno mawili tu.

Mchungaji (kwa mbali): Ndugu zangu. Kabla ya kusoma, nina neno moyoni. Limenikaa siku nyingi.

Mkewe: Ndiyo. Hivyohivyo.

Mchungaji (kwa mbali): Mimi... Mimi nimewatazama mnavyosoma. Mnakimbia kama mnafukuzwa na mbwa. Aya imeisha, mtu anakaa, hajui amekula nini. Hapana. Mtumishi wa kiti cha nane, simama. Shika kitabu. Wewe usome, mimi nifafanue.

Mkewe: La. La, baba, la.

Mchungaji (kwa mbali): Soma! ...Hapo! Ishia hapo. Mmesikia? "Mchungaji alijue kundi lake." Kulijua ni nini? Ni kujua majina? Hata mwizi wa kondoo anajua rangi zao! Ni kujua nani amelala na njaa akavaa vizuri akaja kanisani! Rudia hapo. Soma!

(sauti zinaitikia, Amina)

Mkewe: (kwa mtu wa karibu) Mbebe mtoto, mwanangu. Hapana, silii. Mbebe tu.

Mchungaji (kwa mbali): Soma!

(makofi. Viti vinasukumwa. Hatua. Mlango)

Mchungaji: Haloo? Mama? Umesikia?

Mkewe: Nimesikia.

Mchungaji: Nimevuka! Nimewaambia natoka kurudisha simu ya fundi. Umewasikia lakini? Walisimama wote! Katibu kafunga kitabu chake akalia.

Mkewe: Umehubiri vizuri. Siku zote unahubiri vizuri.

Mchungaji: Mbona sauti yako iko hivyo?

Mkewe: Iko vipi? Endelea. Katibu alilia, halafu?

Mchungaji: Halafu akatangaza.

Mkewe: Akatangaza nini?

Mchungaji: Kwamba amempata mwalimu. Kila Jumatatu, mimi. Mpaka mafunzo yaishe.

Mkewe: Yanaisha lini?

Mchungaji: Miaka miwili.

Mkewe: Hee!

Mchungaji: Na Ijumaa anataka mpango wa masomo. Kurasa nne. Kwa mwandiko wangu. Amesisitiza, makao makuu wauone mkono wangu mwenyewe.

Mkewe: Wewe ukajibu nini?

Mchungaji: Watu thelathini wamesimama wananiangalia. Nilisema Amina.

Mkewe: Ulikuwa unadaiwa aya moja, mume wangu. Aya moja! Umejinunulia miaka miwili.

Mchungaji: Najua.

Mkewe: Aya moja ingekwisha leo.

Mchungaji: Najua, nimesema najua! Rudi Alhamisi. Alhamisi tu, uniandikie, Ijumaa nikusindikize mwenyewe mpaka kituoni uende ukae na mjukuu mwezi mzima.

Mkewe: Sirudi kuandika.

Mchungaji: Mama—

Mkewe: Nisikilize. Nakupenda, na sikudanganyi. Nikirudi nitarudi na daftari na penseli mbili. Utakaa mezani na mimi nitakufundisha, na nikiwa mkali utanivumilia kama mimi nilivyokuvumilia. Hutaki, nabaki huku mpaka huyu mtoto aote meno.

Mchungaji: Na Ijumaa je?

Mkewe: Ijumaa ni yako.

Mchungaji: Usinifungie mlango hivyo.

Mkewe: Sijaufunga mimi.

(Mlio mfupi kwenye simu)

Mchungaji: Ngoja. Simu imelia. Kuna maandishi yametokea kwenye kioo.

Mkewe: Yanasemaje?

(kimya)

Mkewe: Nisamehe. Imenitoka tu.

Mchungaji: Ni mistari miwili. Inawaka, inazima.

Mkewe: Fundi yuko wapi?

Mchungaji: Hapa mlangoni. Anasubiri simu yake.

Mkewe: Muulize yeye.

Mchungaji: Atanishangaa. Huyu ananiita baba yake wa kiroho.

Mkewe: Fundi hana nyumba ya kukutoa wala makao makuu ya kupeleka habari. Anza na huyo.

Mchungaji: Hapa hapa?

Mkewe: Huko darasani umeshashindwa. Utaanzia wapi kwingine?

(Nyundo imenyamaza)

Mchungaji: Fundi. Samahani, mwanangu. Hii simu yako ina maandishi. Nisomee. ...Hapana, inafaa, miwani ni mizuri. Naona vizuri kabisa. Sijui kusoma. ...Ndiyo, mimi. ...Sikuwahi kujua.

Mkewe: Baba.

Mchungaji: Ameishika. Hajacheka. Mama, hajacheka. Anasema yameandikwa salio lako lime—

(simu inakatika)