Mwanajuma, Fundi wa Magurudumu Asiyesikia

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Ipuli, hapa hapa Tabora mjini. Jina lake Mwanajuma binti Uwesu. Alikuwa fundi baiskeli. Alifariki Jumatatu iliyopita nyumbani kwake, baada ya kuugua moyo. Mwanajuma binti Uwesu, fundi baiskeli wa Ipuli. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Wengi wenu mlimpelekea baiskeli. Pengine si wote mliojua kwamba hakuwa akiwasikia.

Ufundi aliukuta kwenye ndoa. Mumewe, marehemu Awadhi, alikuwa mkimbiza baiskeli za mbio, na siku zisizo na mbio alitengeneza za wenzake. Awadhi alitumia masikio. Alinyanyua gurudumu, akalizungusha, akainamisha kichwa. "Likiumwa hulia," alikuwa akimwambia mkewe. Mwanajuma akajifunza hivyo hivyo, kwa kusikiliza, na watu wakaanza kumwita fundi kabla hajajiita mwenyewe.

Kisha ikaja homa ya uti wa mgongo. Alipona yeye, masikio yake hayakupona. Haikuchukua miaka mingi Awadhi naye akaitwa na Mola wake. Mwanajuma akabaki na kibanda, spana, na kimya.

Alifunga kibanda. Fundi gani wa magurudumu asiyesikia gurudumu? Ndivyo alivyowaza. Shemeji yake, Majidi, ambaye ni fundi cherehani na walitumia baraza moja, ndiye aliyekuwa akiwapokea wateja waliozidi kuja.

"Walikuwa wanaongea na mimi," anasema Majidi. "Shemeji amekaa pale pale, wananiuliza mimi habari za gololi. Mimi najua suruali. Siku moja akaniona nababaika mbele ya mteja, akaninyang'anya gurudumu."

Alilipakata lile gurudumu. Akashika ekseli, ule mhimili wa katikati, kwa ncha za vidole viwili, akauzungusha polepole. Na vidole vikamwambia. Kulikuwa na mikwaruzo ndani, kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga. Alizungusha tena, na tena, huku machozi yakimtoka, na yule mteja akadhani baiskeli yake imekufa kabisa.

Kibanda kikafunguliwa kesho yake.

Tangu hapo kazi yake ilikuwa ya mikono, wasikilizaji wapendwa. Alishika ringi kwa juu na kuisukuma kulia na kushoto. Ikigonga kidogo, alijua koni, zile nati zinazobana ekseli kila upande, zimelegea. Kisha alizungusha gurudumu na kuweka kiganja kwenye uma wa baiskeli. Ukitetemeka, alijua gololi, vile vipira vya chuma vya ndani, zimekwisha. Alifungua, akaosha kwa mafuta ya taa, akakausha, akatazama. Gololi moja ikiharibika, alibadilisha zote, maana hakupenda mpya ibebe mzigo wa wazee. Mwisho grisi safi, na ule ukazaji wake wa subira: anakaza, analegeza kidogo, anaonja kwa vidole.

Basi mwaka juzi akaja Levina.

Levina ni binti wa wakulima wa Isikizya. Ana baiskeli ya mbio, ya mtumba, nyepesi ajabu. Alikuwa amejiandikisha mashindano ya kwenda Nzega na kurudi, na mashindano yalikuwa kesho yake. Baba yake alikuwa amekwisha sema: haya ndiyo ya mwisho, baada ya hapo ni jembe na tumbaku. Gurudumu la mbele lilikuwa likilia. Fundi mmoja alikuwa amembadilishia mnyororo. Bado likalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lete."

Mwanajuma alifungua kitovu cha gurudumu. Vibakuli vya ndani, vinamokaa gololi, vilikuwa vizima, ila koni zote mbili zilikuwa na vishimo, kama uso uliopitiwa na ndui. Na koni za aina ile hazikuwepo dukani Tabora nzima.

Levina aliongea huku ameinamia gurudumu. Mwanajuma akamshika kidevu, akamwinua uso ili amsome midomo.

"Sema ukiniangalia."

"Nimesema, jaza grisi tu, mama. Mbio ni kesho."

"Grisi italinyamazisha. Haitaliponya. Gololi ikipasuka uko kwenye mwendo, gurudumu linaweza kukwama."

"Basi nitalipeleka kwa mwingine."

"Peleka. Mimi silifungi hivi."

Levina hakuondoka. Alikaa kwenye ngazi ya baraza akajifunika uso kwa kanga. Mwanajuma akamtazama. Kisha akatazama ukutani, ambapo gurudumu la mbele la Awadhi lilikuwa limetundikwa tangu msiba. Hakuna mtu aliyekuwa ameligusa isipokuwa yeye, kulifuta vumbi.

Alilishusha.

Majidi aliacha cherehani. "Shemeji, hiyo ni kumbukumbu ya kaka. Kitu pekee kilichobaki cha baiskeli yake."

Mwanajuma alisoma midomo yake mpaka mwisho. Akajibu, "Awadhi hakuwa mtu wa kukaa ukutani, Majidi."

Majidi anasema shemeji yake alichukua spana pale pale. Alifungua kitovu. Alitoa koni za mumewe, akazijaribu kwenye ekseli ya Levina, zikaingia bila kulazimishwa. Akatia gololi mpya na grisi. Akakaza, akalegeza. Akamwita Levina aweke vidole vyake.

"Umesikia?" akamuuliza.

"Sisikii kitu, mama."

"Ndiyo kupona kwenyewe."

Levina hakushinda. Alimaliza wa nne, na zawadi ziliishia kwa wa tatu. Lakini alipopita Isikizya akiwa na kundi la mbele, baba yake alikuwa amesimama kando ya lami. Levina anatuambia: "Baba hakunipongeza. Jioni alisema tu, kesho usiende shambani, miguu yako imechoka." Habari ya jembe haikurudi tena. Levina bado anakimbiza baiskeli mpaka leo.

Alirudi Ipuli kutaka kurudisha zile koni. Mwanajuma alikataa. Alinyanyua baiskeli, akalizungusha gurudumu, akaweka kiganja kwenye uma, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka gurudumu likasimama lenyewe. Levina hakumharakisha.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye Mwanajuma binti Uwesu, fundi baiskeli wa Ipuli. Kwa Majidi, kwa ukoo wote wa mzee Uwesu, na kwa wote waliompoteza, tunawapa pole. Mwenyezi Mungu amrehemu, ampe nuru kaburini, nanyi awape subira.

Nasi tuliobaki tujiulize. Nyumbani kwako, au jirani, pengine yupo asiyesikia. Watu wakicheka, yeye huuliza kuna nini, na hujibiwa: nitakueleza baadaye. Leo nenda ukae mbele yake. Mweleze habari yote, tangu mwanzo, bila kukata.

Mnaweza kuzima redio sasa. Anasubiri.