Mandoselo ya Mzee Abdulwahab na Nazi za Bibi Twaiba

Asalamu alaikum, wasikilizaji wapendwa. Hamjambo nyote, mlioko Tiwi, Kinango, Kinondo na kote redio hii inakofika. Kama redio yako iko jikoni, iache hukohuko, usiihamishe. Kipindi cha leo ni cha jikoni. Mimi ni Chiku.

Leo tunamkumbuka Mzee Abdulwahab wa Msambweni. Mpiga mandolini. Mume wa Bibi Twaiba. Najua wengine mnanung'unika: mzee amezikwa siku nyingi, Chiku ulikuwa wapi? Sikulala, jamani. Nilipopiga simu kuomba ruhusa, mjane wake aliniambia, "Mwanangu, ningojee nitoke eda. Nina neno langu, na sitaki kulisema nikiwa ndani." Eda imekwisha. Nimekwenda Msambweni, na neno lake nimekuja nalo.

Kwa msioijua, mandolini ni chombo kidogo cha nyuzi nane, zimepangwa mbilimbili, na sauti yake ni nyembamba, iko juu. Mzee Abdulwahab aliipiga tangu ujana wake kwenye kikundi cha taarabu. Yeye akipiga, mkewe akiimba. Ndivyo walivyooana, na ndivyo walivyoishi. Harusi gani ya pwani hii ya kusini hawakuifika? Bibi Twaiba akinyanyua sauti, akina mama waliacha pilau ipoe kwenye sinia.

Kisha, miaka michache iliyopita, Bibi Twaiba akafanyiwa upasuaji wa tezi shingoni. Alipona, Alhamdulillahi. Lakini sauti ilirudi nzito. Ilishuka chini, ikakaa huko. Harusi ya kwanza baada ya hapo ilikuwa Kinondo. Alipofungua kinywa, mtu mmoja nyuma ya pazia akauliza, tena kwa makusudi asikike, "Huyo mwanamume anayeimba upande wa wanawake ni nani?" Watu wakacheka. Bibi Twaiba aliumaliza wimbo wake, maana ana adabu zake. Akajifunga buibui, akarudi nyumbani. Hakusimama tena mbele ya watu.

Wewe uliyesema maneno yale, kama unanisikiliza, sikutaji. Lakini ujue ulichokifanya.

Kikundi kilimletea Mzee Abdulwahab waimbaji wengine, wasichana wenye sauti za kupasua glasi. Akawakataa mmoja mmoja, kwa heshima. Mandolini ikatundikwa ukutani.

Sasa sikilizeni. Siku moja alialikwa hoteli moja ya Diani kuwapigia wageni, akaitungua mandolini kwa siku hiyo tu. Mgeni mmoja akatoa chombo chake kwenye mkoba. Umbo la mandolini, lakini kubwa. Nyuzi nane, mbilimbili vilevile, ila sauti yake nene, ya kifuani. Chombo hicho huitwa mandoselo. Mzee aliomba akishike kidogo. Nimeambiwa ilibidi waje kumkumbusha kurudisha.

Binti yake, Hafsa, anakumbuka alivyofika nyumbani. "Baba aliingia hata viatu hajavua," ananiambia. "Akasema, Hafsa, kumbe tatizo si mama yako. Tatizo ni chombo changu. Kiko juu, na yeye yuko chini. Basi nitashuka nimfuate."

Nitashuka nimfuate. Wanaume wa Kwale mmesikia?

Alikwenda Ukunda kwa Mramba. Mramba ni Mduruma wa Kinango, fundi wa magitaa na vipaza sauti vya bendi za hotelini. Hajawahi kuiona mandoselo maishani mwake. Mzee akamchorea kwa kidole kwenye vumbi la meza.

"Nilimwambia ukweli," anasema Mramba. "Lile tumbo la mviringo mimi siwezi kulikunja. Lakini tukifanya chombo cha umeme, tumbo la nini? Tutafute ubao mzuri, shingo ya gitaa, na zile sumaku za gitaa zinazonasa sauti. Hivyo vipo hapa, vimejaa tele, kila bendi ina gitaa lake limevunjika."

Ubao ukapatikana, wa mvule, umebaki kwa seremala wa milango. Kazi ikawa moja: chombo kishuke mpaka wapi? Katika taarabu yao mwimbaji hafuati chombo. Chombo ndicho kinachomfuata mwimbaji. Kwa hiyo lazima sauti ya Bibi Twaiba ipimwe. Na Bibi Twaiba haimbi.

Haimbi mbele ya watu, nisahihishe. Alasiri akikaa juu ya mbuzi kukuna nazi, alikuwa akiimba taratibu, peke yake. Mzee akaligundua hilo. Basi akawa anajificha nyuma ya ua wa makuti, mzee mzima na kanzu yake, anategea sikio. Akiipata ile sauti ya chini kabisa, anaifungia kinywani. Mmmmm. Anapanda bodaboda mpaka Ukunda, njia nzima anavuma. Mmmmm. Akifika anamvumia Mramba, na Mramba anaitafuta kwenye gitaa.

Kasheshe ikawa njiani. Watu wanamsalimia, haitikii. Akifungua mdomo, sauti imepotea, arudi Msambweni. Anapunga mkono tu. Nanyi mnatujua watu wa pwani, mtu asipoitikia salamu tunaitisha kikao. Imamu mwenyewe alikuja kumuuliza Hafsa, "Babako tumemkosea nini?"

Kipimo kikatoka. Kilikuwa chini mno, chini hata kuliko Mramba alivyotarajia, mpaka akaamua gitaa la kawaida halitoshi. Wakachukua shingo ya gitaa la besi, ndefu. Ikafungwa kwenye mvule. Vidole vya mzee havikufika. Alivinyoosha mpaka akalia.

Ikaja Idi. Siku ya pili ya Idi, mkewe amekunywa chai, amekula mahamri, amekaa kukuna nazi. Akaimba. Hata sauti yake ya chini kabisa ikawa juu ya kile kipimo. Mzee kule nyuma ya ua akajipiga kofi la paji la uso.

Mmekwisha kuelewa? Alikuwa amempima mwezi wa Ramadhani! Alasiri, kabla ya futari, mwanamke hajagusa maji tangu daku. Koo limekauka. Ile haikuwa sauti ya Twaiba, ile ilikuwa sauti ya kiu.

"Alirudi kwangu kichwa chini," anasema Mramba. "Nikamwambia, shehe wangu, mimi ni Mkristo, sikufunga. Hilo lilikuwa lako kulijua. Akanijibu, Nilikuwa nimefunga na mimi, akili nayo ilikuwa inangojea adhana."

Wakavunja, wakaanza upya. Safari hii shingo ya gitaa la kawaida, na vidole vikafika. Lakini gitaa lina funguo sita za kukazia nyuzi, na mandoselo yataka nane. Mbili hazipo. Mzee akaondoka, akarudi na mandolini yake ya tangu ujana. Akamwambia Mramba, "Zing'oe humu."

"Nikakataa," anasema Mramba. "Nikamwambia, nikizing'oa, mandolini hii imekufa. Akaniambia, Haikufa. Inahama, inamfuata mwenyewe."

Zikang'olewa.

Mandoselo ikakamilika. Alasiri moja mzee akakaa barazani, akaunga waya kwenye kipaza sauti kidogo, akapiga wimbo wao wa zamani. Jikoni Bibi Twaiba alikuwa anakuna nazi. Hakutoka. Hakuimba. Hafsa anasema mkono wa mama ulikuwa unakuna kwa kuufuata wimbo, pigo kwa pigo. Lakini kinywa, kimya. Mzee alimaliza, akaifunika mandoselo kwa kanga. Akasema, "Hajaizoea. Kesho."

Wiki ile ile moyo ukamshika. Hakukaa sana kitandani. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Mzee Abdulwahab alifariki, wasikilizaji wapendwa, na hakuwahi kumsikia mkewe akiimba na chombo alichomtengenezea.

Hapo ndipo nilipodhani kisa kimeishia. Nikamuuliza Bibi Twaiba, kwa woga, kama alijua mumewe alikuwa akijificha nyuma ya ua. Akanitazama, akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Hili ndilo neno lake, nalisema kama alivyolisema:

"Chiku, mwanangu. Mtu umelala naye miaka yote ile, kikohozi chake usikijue? Nilijua tangu siku ya kwanza. Kwani unadhani nilikuwa nikimwimbia nani? Nazi zenyewe nyingine sikuwa na haja nazo. Nilikuwa nakuna tu apate kusikia. Tumekula wali wa nazi mpaka Hafsa akalalamika. Na ule mwezi wa kufunga nilitamani kumwambia, wewe, sauti haipimwi na kiu. Lakini ningesema, angejua kuwa najua, na angeona haya. Siku alipoipiga pale barazani nilikuwa na wimbo hapa mdomoni. Nikasema, nikianza nitalia. Acha nijikaze, kesho nitatoka nimkalie ubavuni. Mimi nangoja kesho, naye anangoja kesho."

Nililia, sifichi.

Bibi Twaiba, Hafsa, fundi Mramba, na wanakikundi wote, poleni sana. Mungu amrehemu mzee wetu, amlaze mahali pema. Nanyi wasikilizaji wapendwa, huenda yupo mtu nyuma ya ua wako, anakusikiliza na anadhani humwoni. Leo, kabla hamjala, mwambie kuwa unajua yupo.

Sasa wimbo. Tuliurekodi juzi alasiri, jikoni kwake Msambweni. Mandoselo ameishika Mramba. Bibi Twaiba alikataa kusimama, akasema ataimba akiwa juu ya mbuzi au haimbi kabisa. Na aliomba mlango wa uani uachwe wazi, upande ule wa ua wa makuti.

Mkisikia mikwaruzo, msiizungushe redio kutafuta masafa. Masafa yako sawa. Ni nazi inakunwa.