Wa Kwanza Kufika

Mama mshonaji alipanga kusinzia ndani ya treni, lakini vijana wawili waliokaa mbele yake hawakumpa nafasi. Walikuwa hawajuani, ila wote waandishi wa programu za kompyuta, na watu hao wakikutana ni kama wagonjwa wa meno: kila mmoja lazima aoneshe panapouma.

“Kaka, nimehamisha programu ya foleni ya zahanati kwenda lugha mpya ya kompyuta,” alisema binti mwenye kompyuta mapajani. “Inaita wagonjwa vizuri, ila kila siku inamruka mmoja.”

Kaka mwenye miwani alichungulia. “Lugha ya zamani ilihesabu kuanzia moja. Hii inaanzia sifuri, na wewe umeiambia ianze na moja, kwa mazoea. Aliyekaa kwenye sifuri haitwi ng'o.”

“Basi lugha ndiyo mbaya! Nani anaanza kuhesabu na sifuri?”

“Usiisingizie lugha, dada. Mwambie bosi wako.”

“Nikimwambia, kibarua kimeota nyasi. Nitarekebisha kimyakimya. Kwani ni mtu mmoja tu.”

“Mmoja yupi?”

Binti akafikiri, sauti ikamshuka. “Wa kwanza kufika.”

Usingizi ukamruka mama mshonaji. Jana aliwahi zahanati kabla mlango haujafunguliwa, akakaa na goti lake lililovimba bila kuitwa mpaka mfagiaji akamwomba anyanyue miguu. Akarudi nyumbani akijiambia labda goti si ugonjwa wa kisasa.

Treni ikasimama kwenye kituo cha zahanati. Akamgusa binti begani.

“Mwanangu, huyo mtu mmoja tu ni mimi. Na leo nawahi tena.”