Jivu la Siga ya Bei Chee

Kwenye foleni ya basi, kinyozi mmoja aliwasha siga, sigara ya tumbaku iliyoviringwa, nene kama kidole gumba. Fundi cherehani aliyesimama nyuma yake akaziba pua.

"Kaka, unavuta godoro?"

"Ni ya bei chee, dada, lakini usiihukumu kwa harufu. Tazama jivu. Siga mbovu hupukutisha jivu ovyo. La hii halianguki mpaka basi lije."

"Thubutu!"

Mimi niliyesimama nyuma yao sivuti, ila nilijikuta naomba upepo utulie. Jivu likarefuka. Kinyozi alivuta taratibu, mkono umetulia kama ananyoa mtoto mchanga.

"Inanuka," fundi akasema, macho hayabanduki kwenye jivu.

"Inanuka, lakini jivu limesimama."

Basi likafika. "Mzee, zima hiyo tuondoke!" kondakta akafoka. Jingine lingekuja baada ya saa nzima. Kinyozi akaibana siga mdomoni, akarudi nyuma hatua moja, akatupungia mkono twende zetu.

Fundi akachungulia dirishani. "Na bado inanuka!"

Kinyozi, kifua mbele kama bwana harusi, alicheka kwa macho tu. Angecheka kwa mdomo, jivu lingeanguka.