Waksi ya Mzee Yeremia

Ijumaa ile ya Juni 1995, saa tatu asubuhi, benchi la kijiwe cha Igogo, kando ya ziwa, lilikuwa na watu wanne. Wa kwanza ni Mbaruku Seif, mwosha magari, ambaye hakuwa ameketi. Wa pili ni Iqbal Jiwani, mwenye duka ambalo benchi liliegemea ukuta wake. Wa tatu ni Maige Lutubija, aliyeitwa Injinia kwa sababu aliwahi kufagia kiwanda kimoja cha Nyakato kwa miaka sita. Wa nne ni Bimdogo binti Salum, mwenye birika la kahawa. Mbele yao lilisimama gari la Mzee Yeremia Mhoja, karani mstaafu wa pamba: Peugeot 404 ya mwaka 1968, rangi ya maziwa. Asubuhi hiyo halikuwa na rangi ya maziwa. Lilikuwa la waridi, kuanzia boneti hadi buti.

Mzee Yeremia alikuwa amelazwa wiki ya tatu. Kwa miaka ishirini na saba aliliosha gari lile mwenyewe, wala hakumruhusu mtu hata kulifuta vumbi. Jumatatu alimwita Mbaruku wodini, akampa funguo. Akasema: lioshe, lipake waksi, Jumamosi uje unichukue, nikiridhika, kazi ya udereva ni yako. Mbaruku alikuwa ameosha magari ya watu kwa miaka tisa bila kuendesha hata moja zaidi ya kulirudisha nyuma kutoka majini. Leseni yake ilikaa ndani ya Kurani ya mama yake, safi kama siku ilipotolewa.

— Nieleze tena, bwana Iqbal, alisema Mbaruku. Nilikuomba nini?

— Waksi. Nikakuuliza ya nani, ukasema ya Mzee Yeremia. Mzee Yeremia ana sakafu nyekundu sebuleni, nimeiona kwa macho yangu. Nikakupa waksi ya sakafu, tena kopo kubwa.

— Mimi ni mwosha magari.

— Hukusema umekuja kikazi.

Tangu biashara ifunguliwe kwa bidhaa za nje, duka la Iqbal lilijaa makopo yenye maandishi ambayo hata yeye hakuyasoma. Aliyatambua kwa uzito.

— Na wewe ulipoona ni nyekundu, ukaendelea tu? aliuliza Bimdogo.

— Nilidhani wekundu ni wa dawa, Bi mkubwa. Nilidhani ikikauka utapotea.

Injinia alitua kikombe chake. Alikuwa amesubiri zamu yake kwa utulivu wa mtu mwenye jibu.

— Tusilaumiane. Rangi ya gari ina matundu, sawa na ngozi. Gari linapumua. Sasa ule wekundu umevutwa ndani. Ukifika kwenye bati, basi, hata ukikwangua utakuta wekundu tu mpaka upande wa pili.

— Kwenye viti? aliuliza Iqbal.

— Hata viti vitakuwa na dalili.

— Dawa yake ni unga wa sembe, alisema Iqbal. Unanyonya mafuta. Unalifunika lote, unalala, asubuhi unapangusa.

— Na kuku wa Igogo nzima watakuwa juu ya paa, alisema Bimdogo.

— Sikilizeni, alisema Injinia. Haya magari ya mtumba ya Japani, mbona yanang'aa? Hayakupakwa kitu. Yamesafiri baharini wiki sita, chumvi ikayaivisha. Tulishushe ziwani mpaka vioo, likae mpaka jioni.

— Ziwa letu halina chumvi, Ngosha, alisema Bimdogo, akimwita Injinia kama anavyoitwa kila mwanamume wa Kisukuma.

— Tutaongeza.

— Ninayo magunia mawili, alisema Iqbal, akionekana kulifikiria jambo lile kwa dhati.

Mbaruku hakucheka. Aliiona kesho yake: Mzee Yeremia kwenye ngazi za hospitali, miwani mkononi, akilitazama gari. Mzee yule hakuwa mtu wa kugomba. Angenyoosha mkono apewe funguo zake, basi.

— Bi mkubwa, alimwambia Bimdogo, wewe sakafu yako unapaka?

— Kila Idi.

— Mikono unaitoaje wekundu?

— Kwa mafuta ya taa. Kitambaa kidogo, halafu sabuni ya kipande. Hilo nalo la kuuliza?

Kijiwe kiligeukia kahawa yake, kwa kudharau ufupi wa jibu.

Mbaruku alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa ya dukani, akajaribu chini ya mlango, mahali ambapo jicho halifiki. Wekundu ukahamia kwenye kitambaa. Chini yake rangi ya maziwa ilikuwa palepale, haijaguswa. Akalisukuma gari kivulini pamoja na Injinia, akaanza na boneti, kipande cha ukubwa wa sinia kwa wakati mmoja: mafuta ya taa, sabuni, maji safi, kitambaa kikavu. Iqbal akaleta kopo jingine la waksi, hili lenye picha ya gari, ili ugomvi usirudi. Mbaruku akaipaka kwa mizunguko midogo, akaiacha ikauke, akaisugua. Mikono ilianza kutenda bila kuuliza ruhusa.

— Juani hupaki, alisema, sauti yake sasa ikiwa imenyooka. Na huanzi kingine kabla hujamaliza hiki. Kesho saa nne litakuwa tayari.

— Ndivyo nilivyokuwa nikisema, alisema Injinia. Matundu.

Boneti ilikuwa imekwisha, na paa nusu, alipofika mwanamke mwenye kitenge cha bluu. Mbaruku alimfahamu kwa kumwona wodini: Wilhelmina Yeremia, binti mkubwa wa Mzee.

— Shikamoo, Bi mkubwa, alimwambia Bimdogo.

— Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa.

Hakuketi. Alilizunguka gari polepole, akagusa mlango, akatazama kidole chake.

— Gari la baba limekuwaje la waridi?

Iqbal alimtazama Injinia. Injinia alitazama ziwa. Mbaruku alificha kitambaa chekundu nyuma ya mgongo.

— Wewe ndiye Mbaruku?

— Ndimi, dada.

— Baba alinituma jana jioni nikwambie kazi umepata, usingoje Jumamosi. Amefariki leo asubuhi, saa kumi na mbili na robo.